Ng'ombe wa Bi Time

Bi Time Shaame ametoka Kangagani asubuhi
kuja ofisi ya mifugo, Wete, kuchukua cheti cha chanjo.
Nikakichapa. Akakishika mbali na macho,
akakisogeza karibu, akanirudishia.
"Mwanangu, ng'ombe wangu mmemfanya nini?"

Nikatazama. Imeandikwa: ngâ€™ombe.
Ule mkato wa juu, mdogo kuliko punje ya ufuta,
umezaa mapacha watatu:
a iliyovaa kofia, pesa ya Ulaya, chapa ya duka.
Wamejibana kwenye koo la neno
pale pale pumzi inapopitia puani.
Na sisi ng'ombe wetu hatuwapigi chapa.

"Uondoe tu huo uchafu," kasema Hamad wa meza ya pili.
Niuondoe kisha abaki nani? Ngombe?
Ngombe hayumo zizini mwa mtu.

Nikafungua kidirisha cheusi.
Mashine kuukuu, Linux, tuliachiwa na mradi uliokwisha,
stika yake bado imeganda mgongoni.
Nikaandika: locale
Ikanijibu kwa herufi moja, C.
Maana yake haijui iko wapi.
Inajua alama mia na ishirini na nane, basi;
mgeni mwingine yeyote inamfanya alama ya kuuliza.
Faili la majina ya kale, lililopigwa kwa herufi za Kiarabu,
limekaa hivi: ????? ?? ?????
kama mtu anayehojiwa kituoni, hajui kosa lake.

Nikakurupuka. Nikaligeuza daftari zima
bila kuuliza kwanza limeandikwa kwa nini.

ngÃ¢â‚¬â„¢ombe

Bi Time akainama kwenye kioo. "Huyo sasa ana mimba."

Nikatoa mikono kwenye kibodi.
Babu yangu Faki alikuwa karani wa josho.
Daftari lake ninalo: ghaini, wau, be, ye.
Hakuwa na herufi ya ng', hakuwa na ya mb.
Mpita njia angesoma ghobi, akaenda zake.
Karani mwenzake alisoma ng'ombe,
na ng'ombe akaingia joshoni akatoka analowa.
Neno halikuwamo lote kwenye wino.
Nusu yake ilikuwa mapatano.

Kumbe hakuna kilichopotea.
Baiti zipo, tatu, kwa mpangilio wake,
zimetulia kama mayai chini ya kuku.
Aliyezisoma ndiye aliyevunja ahadi,
na mara ya pili aliyevunja ni mimi.

Mama akikosea ukili hachukui kisu.
Anarudi nyuma, jino la mwisho kwanza,
huku akinung'unika.

iconv -f UTF-8 -t CP1252
Mara moja: mimba ikatoka.
Nikarudia: mapacha wakaingiana, wakawa mkato.
Ng'ombe. Ng'ombe. Ng'ombe,
mistari mia nne na kumi na saba, hadi Mchanga Mdogo,
na ng'ambo ya Kojani nako kukatengemaa.

Kisha nikaieleza mashine ilipo:
export LANG=sw_TZ.UTF-8
Pemba haikutajwa. Nikaiacha hivyo.
Majina ya kale yakatokeza, ingawa kidirisha hiki
huyaanzia mwisho na kuyaachanisha mikono;
nikayasoma kinyumenyume, kidole kikifuata,
Mbwana, Mwinyi, Bikombo,
mpaka Hamad akaniuliza kama nasoma dua.

Nikachapa cheti kipya.
Bi Time akakisoma taratibu, midomo ikicheza,
akalifikia neno, akalitamka lote kwa pua, akaridhika.
Akaendelea chini.
"Jike, mweusi, doa jeupe pajani."
Akakikunja mara mbili, akakitia kwenye mkoba.

"Maandishi mazuri sasa, mwanangu.
Ila huyu nilimuuza kabla ya Ramadhani.
Mliyemchoma sindano ni mwanawe. Mwekundu."